Waliandika Hayuko, Naye Amekaa Mbele Yao

Jamani, mshawahi kuambiwa mwanenu haji shule, huku mmemshika mkono?

Mimi niliambiwa. Hapa hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, tena asubuhi kweupe.

Naitwa Bernardine. Nilivuka mpaka kutoka Kongo na binti mmoja mgongoni, Ikirezi. Sasa ana miaka saba, na ana usonji. Neno hilo nililipata mjini Mbarara, kwa daktari aliyekaa naye saa nzima bila kumkemea. Kabla ya hapo nilikuwa na neno la majirani tu: mapepo.

Ikirezi hajibu ukimsemesha. Ila ulichosema atakirudia baadaye, kwa sauti yako hiyohiyo, na kikohozi chako juu.

Tulipokuwa bado Kabazana, kule wanakopokelewa wageni wapya, alirudia sala nzima ya mchungaji katikati ya foleni ya chakula. Watu wakatukimbia kama tuna kipindupindu. Mama mmoja akatema mate.

Siku ile niliona aibu. Shikeni hapo, nitaparudia.

Mwaka huu shule ikamkubali, darasa la kwanza, pamoja na watoto wengine wote. Nililia kwa furaha, sifichi. Kila asubuhi nampeleka mwenyewe, maana lazima aguse kila mti wa uzio njiani. Rimu ya gari, ndiyo kengele ya shule, ikigongwa, anaingia. Mchana namchukua, kikombe chake cha uji kitupu.

Wiki nane. Hakukosa hata siku moja, hata siku ya mvua iliyoezua mapaa.

Halafu nikaitwa ofisini.

Mkuu wa shule, Mwalimu Nasani, alikuwa na kitabu cha mahudhurio mezani. Kando yake alikaa Madamu Yayeri, mwalimu wa darasa. Mimi nimesimama, Ikirezi mkononi.

"Mama, huyu mutoto hapana kuja shule," akasema Nasani. "Tangu mwanzo. Ijumaa tunapeleka majina. Yake tunatoa. Iko wengine nangoja nafasi."

Nikadhani ananitania. Akanigeuzia kitabu. Mstari wa Ikirezi ulikuwa sifuri mwanzo hadi mwisho.

"Mutoto yangu anakuyaka kila siku!" nikasema. "Minamuletaka na hii miguu yangu! Madamu, we haumuonaka?"

Yayeri akaangalia meza. "Namuona. Anakaa pale dirisha. Lakini mimi naita jina, yeye hapana jibu. Mutoto hapana jibu, naandika hayuko. Niko na watoto mia moja ishirini, mama. Nifanye nini?"

Yaani anamuona! Anamuona kwa macho yake mawili, kisha anainamisha kichwa na kuandika hayuko!

"Na uji anakunywaka?"

"Anakunywa."

"Sasa ile uji inakunywaka nani, kama yeye hayuko? Muzimu?"

"Mama, punguza sauti," akasema Nasani.

"Sipunguzi! Barua ya munganga wa Mbarara nilikupatia, iko fasi gani?"

Akafungua droo. Ilikuwa humo, imekunjwa vilevile nilivyoikunja mimi. Hakuna aliyeisoma. Nilikuwa na matusi ya lugha tatu, na nilikuwa natafuta la kuanzia.

Nasani akavuta kitabu, aanze kunisomea, eti nione wenzake wanaojibu wanavyoandikwa.

"Ainembabazi..."

"Niko, madamu!"

Sote tukageuka. Ni Ikirezi. Ameangalia ukuta, anazungusha kikombe chake.

Akaendelea. "Ashiraf," kwa sauti ya Yayeri, hadi ule uchovu wake wa asubuhi. "Niko, madamu," kwa sauti ya mtoto mwenye mafua. "Gasore." "Niko, madamuuu!" kwa sauti ya mtundu fulani anayechekesha wenzake. Yayeri akashika mdomo. Darasa lake zima lilikuwa mle ofisini.

"Ikirezi," akaita Ikirezi.

Akaweka kidole kwenye midomo. Kisha ikatoka sauti nyingine, ya chini, ya mtu anayeogopa kusikika.

"Kimya, mama. Ku masomo usiseme kitu. Batu batasema uko na pepo."

Ilikuwa sauti yangu.

"Hayuko," akamalizia kwa sauti ya Yayeri. "Kamaldin." "Niko, madamu!"

Nikakaa chini sakafuni. Matusi yote yaliisha.

Maana ni kweli. Siku ya kwanza, nikimfunga vifungo vya sare, nilimfundisha hivyo, kidole mdomoni. Na kila asubuhi langoni nikamkumbusha. Aibu ya Kabazana ilikuwa bado inanitafuna. Mtoto ambaye wanasema haelewi alinielewa mimi wiki nane bila kukosea, na utii wake ulikuwa karibu umfukuzishe shule.

Yayeri alilia. Sikumbembeleza, mnisamehe. Nasani aliisoma barua yote akiwa amesimama, kisha akashika kalamu, akasahihisha kitabu, jina la Ikirezi likabaki.

Siku hizi akiitwa, anagonga kikombe chake kwenye dawati. Ko! Yayeri ananyanyua macho, anaandika yuko. Ilichukua siku nne tu kumzoesha.

Hasira bado ninayo. Kwa mwalimu aliyeona akaandika asichoona. Kwa mkuu aliyefungia barua droo. Lakini kubwa zaidi ni kwangu mimi mwenyewe, nalala nayo, maana wao walimwandika hayuko kwa kalamu, na mimi nilishamwandika hivyo zamani kwa kidole changu.

Mzazi mwenzangu, mwanao akipaza sauti mbele za watu, mwache wamsikie. Wakitema mate, watapangusa wenyewe.