Nyota Iliyokuwa Nyuma ya Wingu

Kazini walimwita Bi Tochi kwa utani tu, maana hakuna aliyezichukia tochi kama yeye. Ukimfuata mlimani kutazama nyota, simu yako inaingia mfukoni, na atakayewasha taa atasemwa mbele ya kadamnasi. Macho hayazoei giza haraka, aliwaambia wageni, na mwanga mmoja unawaharibia wote. Kisha aliwapanga mstari, kila mtu ameshika begi la aliye mbele yake, akawapa sharti lake: "Mguu wangu ndio mguu wenu."

Sharti zuri, ila Bi Tochi mwenyewe alikuwa haoni usiku.

Mchana hakuwa na neno. Aliwazungusha wageni kisiwa kizima, kuanzia ufuo wa mchanga mweusi mpaka ukingo wa shimo la volkano, na mdomo haukumkauka. Jua likizama, basi. Ilianza kidogo kidogo: akagonga meza, akamimina chai nje ya kikombe, akasingizia uchovu. Aliyemgundua ni wifi yake, dereva wa gari la wageni. Wifi hakupiga kelele, alimtaka tu amwambie bosi kabla msimu haujaisha, la sivyo angesema yeye. Bi Tochi akatia pamba masikioni. Alijua akifungua mdomo kazi imeota mbawa, na bila kazi ile hakujua angejiita nani.

Tena alikuwa na mbinu zake, bingwa wa kujidanganya. Anga alikuwa ameikariri tangu usichana. Njia ya kurudi garini aliifuata kwa pua: moshi wa kiberiti cha volkano hutoka kwenye nyufa zilizo upande wa kushoto, kwa hiyo harufu ikija kutoka kushoto, uko njiani.

Jioni hiyo aliyeshika begi lake alikuwa fundi saa mstaafu, mzee mcheshi ambaye tangu asubuhi alikuwa akitania kwamba magoti yake yameishiwa betri. Walipofika uwandani Bi Tochi alinyoosha fimbo juu, akaanza kuieleza nyota aliyoipenda kuliko zote, inavyong'aa, ilivyo nyekundu kidogo. Wageni wakainua vichwa.

"Mama," mzee akasema, "hapo pana wingu."

Bi Tochi akacheka, akasema nyota iko nyuma yake, haijaenda popote. Wageni nao wakacheka. Papo hapo akawaambia twendeni, ukungu usije ukatukuta huku.

Harufu ilikuja kutoka kushoto, akaifuata. Hofu ya kugunduliwa ilikuwa imemkaba kiasi kwamba hakujiuliza lile wingu limeletwa na nini. Upepo ulikuwa umegeuka, na harufu haikuonyesha njia tena. Alishtuka nyayo zilipoanza kupata joto, kisha ardhi ikaitika chini ya kiatu chake kama mfuniko wa sufuria tupu. Akasimama. Nyuma yake mstari mzima ukasimama.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: tupumzike kidogo. Angeweza kuutoa na asijulikane. Lakini alimsikia mzee akihema karibu na bega lake, ametulia, anangoja mguu wake uinuke ili naye ainue wake.

"Sioni," alisema.

Mtu mmoja akajibu kwamba wingu litapita tu.

"Si wingu. Mimi usiku sioni. Msiinue mguu."

Kwa redio ya mkononi akamwomba wifi, aliyekuwa akiwangoja garini, awashe taa zote za gari. Mwanga ukaja kutoka nyuma yao, mahali ambapo gari halikutakiwa kuwa, na yeye hakuona zaidi ya weupe hafifu. Akawauliza mbele yake kuna nini. Mwanamke mmoja akaanza kulia.

"Ufa, mama," mzee akasema polepole. "Uko hapa, mbele ya kiatu chako."

Waligeuka mmoja mmoja, aliyekuwa wa mwisho akaongoza kuelekea kwenye taa, na Bi Tochi akafuata mkiani, vidole vimeng'ang'ania begi la mzee.

Walipofika kwenye gari, kijana mmoja alimfokea mpaka sauti ikamkatika, na hakukuwa na neno lisilo la haki. Bi Tochi aliomba simu ya wifi, akampigia bosi pale pale wageni wakisikia, akaeleza yote bila kupunguza, hata muda ambao aliuficha ugonjwa wake. Simu ilipokatika, mzee alimgusa mkono tu, akapanda garini.

Wifi alimfungulia mlango wa mbele. Bi Tochi hakupanda mara moja, aliinua uso juu.

"Wifi, zimetoka?"

Wifi akatazama anga yote, upande hadi upande. "Hata moja. Wingu limeziba kote."

"Basi leo tunaona sawa," Bi Tochi akasema, akapapasa kiti, akakaa.