Mpaka Icheue

Harufu ya grisi mpya siwezi kuifananisha na kitu. Nimekaa na daftari hili tangu asubuhi nikitafuta inanukia kama nini, sijapata. Kuna mafuta ndani yake, kuna chuma, na kuna kitu kitamu kidogo ambacho mtoto angeweza kukilamba akadanganyika. Mimi niliwahi kuilamba. Wiki iliyopita fundi kijana alikuja kutazama mashine yangu ya kusaga hapa Lupepo, akafungua kopo, na harufu ikanifikia nikiwa mlangoni, kabla sijaliona kopo lenyewe.

Alikuwa ametoboa nyumba ya beringi na kuweka pale kile kidude cha chuma cha kupitishia grisi. "Sasa huna haja ya kufungua shafti, mama," akaniambia. "Unapampu mara tatu tu. Usizidishe."

"Najua," nikasema.

Akacheka. "Umejulia wapi wewe, mama?"

Nikajifanya natafuta chekeche.

Nilivyojulia nitaandika hapa, maana sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mpangilio ukinishinda mnivumilie. Nitajitahidi nisimwonee mtu. Najua pia kuwa mambo ya zamani hivi huwa yanajibadilisha yenyewe kichwani, kwa hiyo palipo na shaka nitasema.

Baba yangu, Ambakisye, alikuwa fundi magari Makandana. Gereji yake ilikuwa banda la bati nyuma ya nyumba yetu. Mvua ya Tukuyu ikipiga pale juu, watu wawili waliosimama bega kwa bega hawasikilizani. Mimi nilikuwa na miaka kumi, naitwa Tusa, na mwaka ule Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu Lusajo. Kwa furaha ya kupata mtoto wa kiume Baba akahamishia lugha ya mtoto kwenye magari. Vile vidude vya kupitishia grisi akaviita chuchu. Kupampu grisi ikawa kunyonyesha. "Tusa! Njoo umnyonyeshe huyu, analia," angeita, na kweli springi kavu hulia. Wateja walikuwa wanashika mbavu. Mama hakupenda. "Baba Tusa, maneno gani hayo mbele za watu?" Lakini naye nilimwona akicheka, amegeukia ukutani.

Sheria ya springi ilikuwa moja: nyonyesha mpaka icheue. Yaani unapampu mpaka ile grisi ya zamani, nyeusi, iliyojaa mchanga, itoke pembeni, na ifuatwe na nyekundu mpya. Hapo unajua ameshiba. Unafuta kwa kitambaa, basi. Kazi hiyo ilikuwa yangu na niliifanya vizuri. Nalisema hilo bila kujisifu, kwa sababu linahusika.

Mteja mkubwa wa Baba alikuwa Mzee Sefu, mfanyabiashara wa ndizi, aliyekuwa na pikapu ya zamani ya kubebea mikungu kutoka Nkunga. Barabara ile ilikuwa na vijito vitatu vya kuvuka, na kila mara maji na tope viliingia kwenye beringi ya ekseli ya nyuma, upande wa kulia. Ikifa, lazima ekseli ichomolewe. Haikupita miezi miwili bila pikapu ile kuwekwa juu ya magogo bandani kwetu.

"Wewe Mnyakyusa," Mzee Sefu alikuwa akimchokoza, "volkano mmeweza kulima juu yake, beringi moja inakushinda?"

"Beringi yako inakula tope kama wewe unavyokula pilau, mzee. Niifanyeje?"

Lakini neno lile lilimwingia. Alikaa siku kadhaa akiitazama ekseli kama mtu anayesoma barua. Kisha akaamua: atatoboa pale mwisho wa nyumba ya ekseli, beringi inapokaa, akate thredi za kukazia, aweke chuchu, beringi ilishwe kutoka nje bila kuchomoa kitu. Hakuna aliyemfundisha. Nilimwona akipaka grisi ncha ya drili ili vumbi la chuma ling'ang'anie pale lisianguke ndani, akitoboa kidogo, akifuta, akitoboa tena. Alimaliza siku ya pili. Akaosha ndani kwa mafuta ya taa mara tatu, akarudisha ekseli, akasimama anaitazama ile chuchu moja, ndogo, inang'aa kwenye chuma kilichojaa kutu. Sijawahi kumwona amependeza vile, hata kanisani.

Akaniita. "Huyu ni mchanga," akasema. "Kila Jumamosi mara tatu tu, Tusa. Huyu hana pa kucheulia."

Maneno hayo ya mwisho siwezi kuapa kwamba aliyasema siku ile. Nayasikia kwa sauti yake kabisa. Lakini inawezekana niliyaongeza mwenyewe baadaye, nilipoelewa. Mara tatu alisema. Hilo nina hakika.

Jumamosi ya kwanza nilipampu mara tatu. Ya pili, mara tatu. Beringi ikatulia kama haipo, na Mzee Sefu akaanza kumwita Baba "injinia" mbele za watu.

Jumamosi ya tatu Baba alikuwa msibani. Mzee Sefu alikuja asubuhi, mvua ilikuwa imekesha, mikungu inamsubiri Nkunga. "Mjukuu wangu, baba hayupo? Basi ninyonyeshee wewe, niwahi."

Nikaingia chini na pampu, nikalala juu ya gunia. Moja, mbili, tatu. Nikatazama. Hakuna kitu kilichotoka. Asubuhi ile Lusajo alikuwa amelia sana, kwa sababu Mama alimkatisha kunyonya akimbilie shambani, nami ndiye niliyebaki nimembeba, ananitafuta kifuani na mimi sina kitu, mpaka usingizi ulipomchukua. Nikaionea huruma ile beringi. Mnaweza kucheka. Nikapampu ya nne, ya tano. Haicheui.

"Mpe ashibe," Mzee Sefu akasema kutoka juu, "njia leo ni mbaya."

Simsingizii. Hakujua, na mimi ndiye niliyekuwa nimeambiwa. Nikaendelea mpaka mpini ukawa mwepesi mkononi, pampu imekwisha. Nikafuta ile chuchu kwa kitambaa. Mzee Sefu akanishukuru kwa Kinyakyusa chake cha sokoni, "Ndaga fijo, injinia mdogo," akaondoka.

Mchana, akiteremka kutoka Nkunga na mzigo, alikanyaga breki na gurudumu la nyuma la kulia halikushika. Gari likavutwa kushoto likaingia korongoni. Haki inanitaka niseme kwamba mzigo ulikuwa mkubwa mno, barabara ilikuwa utelezi, na breki za mbele zilikuwa za kubembeleza. Lakini siku nyingine zote alipita pale. Alitolewa akiwa hai. Mguu wake wa kulia hakuutembelea tena mpaka alipokufa.

Pikapu ilikokotwa hadi kwetu, watu wakajaa bandani. Baba akafungua gurudumu, akavuta dramu ya breki. Ndani kulikuwa kwekundu. Grisi ilikuwa imeisukuma sili, ule mpira wa kuizuia isitoke kwenye beringi, imepita, imelowesha breki zote. Akachovya kidole, akanusa. Kisha akageuza kichwa, akaitazama pampu iliyoning'inia kwenye msumari. Akaenda akaipima kwa mkono, akairudisha.

"Fundi gani anatoboa ekseli ya mtu?" mmoja akasema.

"Alitaka uinjinia. Si huo?"

"Nyonga ya gari kaitoboa kama sikio la mkewe!"

Wengine wakacheka, na wengine walimlilia Mzee Sefu. Mimi nilikuwa nimesimama na Lusajo mgongoni, mdomo umejaa maneno. Baba hakunitazama.

"Tobo nimetoboa mimi," akasema. "Ni langu."

Basi. Akaenda kwa Mzee Sefu akapiga magoti. Akarudi, akaing'oa ile chuchu, akaziba tobo kwa bolti. Baada ya hapo wateja walianza kupita mbele ya nyumba yetu bila kugeuka. Mwaka haukuisha, banda likawa la mbuzi, na Baba akawa anachuma chai kwenye mashamba ya watu, vidole vilevile. Hakusema tena kunyonyesha. Lusajo akicheua maziwa, Baba alikuwa anainuka na kutoka nje.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilimficha. Nilijiona mjanja, halafu mwovu, halafu nikazoea. Nilikuwa tayari na watoto wangu nilipokumbuka kitu kidogo: Ijumaa jioni, kabla ya Jumamosi ile, Baba alijaza pampu mbele yangu mpaka juu. Aliiacha imejaa, akaikuta tupu. Alijua tangu alipoishika.

Kabla hajafa, mwaka juzi, nilijaribu. "Baba, lile la Mzee Sefu..." Akanikata: "Tobo lilikuwa langu, Tusa. Nyamaza." Nikanyamaza. Ukimya wake ule nimewahi kuuita upendo. Siku nyingine nauona kama kufuli alilonifunga mdomoni, kisha akaondoka na ufunguo. Labda nakosea. Labda alikuwa akijiadhibu kwa ule utani wake, maana ni maneno yake niliyoyafuata. Sijui, na wa kumuuliza hayupo.

Ninachokijua ni kwamba tobo lilikuwa sawa. Wiki mbili lilifanya kazi kama alivyowaza. Baba alitengeneza kitu kimoja kizuri katika maisha yake, na shahidi wake alikuwa mmoja tu, mtoto wa miaka kumi, naye hakufungua mdomo.

Wiki iliyopita yule kijana alinipa pampu nijaribu. Nikapampu moja, mbili, tatu. Mkono ukabaki kwenye mpini, unataka ya nne.

"Umeona?" akasema, anaifuta ile chuchu kwa fahari. "Wazo zuri sana hili. Sijui aliyelianzisha ni nani." Akanitazama. "Lakini mama, kweli, umejulia wapi?"

Nilikuwa na umri wa kutosha. Hapakuwa na watu, hapakuwa na mvua ya kunizuia nisisikike.

"Nimesikia tu," nikasema.