Salamu Ndefu za Mlimani

Juzi mama alinisalimia mara mbili asubuhi moja, na mimi nikakaa chini kwenye ngazi.

Ngoja, usinicheke bado. Najua kusalimiwa na mama ni baraka, na hata kwetu ni baraka. Lakini tulikuwa tushakunywa chai pamoja, tushagombania hamri la mwisho, yeye akashinda kama kawaida yake, halafu akatoka kwenda sokoni. Aliporudi mimi nilikuwa nashuka, tukakutana pale ngazi za nyumba ya nyanya zinapopinda. Akaweka kikapu chini. Akashika ukuta. Akaniangalia na tabasamu kubwa kama ya siku ya Idi.

"Hujambo, mwanangu? Wa hali gani?"

Kama hukumjua baba yangu hutaelewa kwa nini nilishtuka. Basi kaa hapo, nikusimulie habari za baba na mlima wake.

Nyumba ya nyanya iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ghorofani, na ngazi zake nafikiri fundi alizijenga akiwa na hasira. Za mbao, nyembamba, giza mchana, zimesimama wima kama zinataka kuanguka chali. Pembeni kuna kamba nene ya kushikilia, imelainika kwa mikono ya watu mpaka imekuwa kama nywele. Ukipanda unapita kwanza harufu ya jirani wa chini akikaanga viazi vya karai, kisha udi, kisha samaki. Maji ya mfereji yakikatika, na yalikatika kila yalipojisikia, mimi na dada tulipandisha madumu huku tukihesabiana makosa. Dada yangu ni mkubwa kwangu, na hajawahi kuniacha nisahau.

Baba alikuwa kuli bandarini. Mtu wa bara, amezaliwa chini ya Mlima Kenya, akaja Mombasa kutafuta kazi, akampata mama, akasilimu, akabaki. Zamani alikuwa akipanda zile ngazi na dumu kila mkono, mbio. Ukisikia "Hodi!" mlangoni, kabla hujasema karibu ashafika jikoni anafunua sufuria. Nyanya alikuwa hapendi. Mji wa Kale mtu hasalimiwi hivyo. Mtu huulizwa yeye mwenyewe hajambo, ameamkaje, watoto hawajambo, mamake hajambo, yule shangazi wa mguu unaouma naye vipi. Maji ya chai yanaweza kuchemka, yakakauka, na bado hamjafika kwa shangazi.

"Mkwe wangu huyu," nyanya alikuwa akisema, "salamu zake yuwazitupa kama maganda ya ndizi."

Halafu mwaka mmoja, mimi niko darasa la sita, baba akabadilika. Akitoka kazini jioni anafika pale zinapopinda, anasimama, anashika kamba, anaita juu: "Masalkheri, mama! Umeshindaje? Miguu je? Na jirani?" Anangoja jibu la kila moja. Akimaliza kwa nyanya anakuja kwangu, shule vipi, mwalimu vipi, daftari vipi. Nyanya alifurahi kama ameolewa upya. "Mwaona? Mji ushamuingia. Sasa yuna adabu."

Mama hakufurahi. Mama alikuwa anasikia kikohozi chake cha alfajiri. Sisi watoto tulikilalia, yeye alikikeshea.

"Kifua hicho twende kikaangaliwe," anamwambia.

"Vumbi tu la kazini. Likizo ya Agosti nitawapeleka mlimani. Nikipata ile hewa ya nyumbani, litatoka lenyewe."

Walivutana siku nyingi. Mwisho mama akasema, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia kwa shughuli zangu za upelelezi: "Sawa. Twende huko mlimani. Lakini ukishindwa kupanda, tukirudi ni hospitali, na sitaki maneno."

"Na nikipanda?"

"Ukipanda sitakuuliza tena."

Hayo ndiyo yalikuwa mapatano. Baba aliogopa hospitali kushinda mbwa. Babake mwenyewe aliingia kwa miguu yake akatolewa kwa machela, na yeye alikuwa mtoto amesimama mlangoni.

Nyanya hakukubali kwenda. Alisema mlima wake ni ngazi zake. Lakini alitufungia mahamri, kashata, chupa ya chai ya tangawizi, halafu akanipa mtungi mdogo mtupu wa achari. Baba alikuwa amemsimulia miaka mingi kwamba kule juu kuna barafu ambayo haikutoka kwenye friji, na nyanya hakuamini hata siku moja. "Niletee hiyo barafu niione kwa mato yangu." Tulipotoka akasimama mlangoni na ufagio, akaapa kwamba hafagii mpaka asikie tumefika, asije akaifagia safari yetu.

Makoti tulipata ya mtumba. Langu lilikuwa la kike, la waridi, linafika magotini. Dada akaniita bi harusi kutoka Mombasa hadi bara, usiku kucha ndani ya basi, na abiria wengine wakaanza kunipa pongezi.

Kule tulipokewa na binamu yake baba, sisi tunamwita baba mdogo. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni kupanda mlima. Jamaa mrefu, viatu vikubwa kama mashua, salamu yake neno moja: "Sema." Baba akaanza, hujambo, wa hali gani, mke hajambo, ng'ombe hawajambo. Baba mdogo akamkodolea macho. "Kaka, Mombasa imekuharibu. Huko si mnasalimiana mpaka samaki anaoza?"

Tulicheka sana. Baba naye alicheka, kisha akageuka akakohoa ndani ya kiwiko cha koti, mdomo umefungwa, kama mtu anayemeza kitu. Mama alikuwa anamwangalia.

Asubuhi tukaingia langoni mwa mbuga. Nikuambie ukweli, mimi ile baridi niliiona kama tusi. Kipupwe cha Mombasa unavaa fulana ya ndani umemaliza. Kule maskio yalikuwa yanauma kama yamevutwa na mwalimu. Mdomo unatoa moshi. Mimi na dada tukashika vijiti tukavuta sigara bandia, tukanyang'anywa na mama. Barabara ilipita katikati ya msitu, miti imevaa ndevu, mbega wanarukaruka juu na majoho yao meusi na meupe, na kinyesi cha ndovu katikati ya njia, kikubwa kama pipa, bado kinafuka.

Na baba akawa anasalimia watu.

Wote! Walioshuka na mizigo mgongoni, walinzi wa mbuga, wanafunzi wa shule fulani. Alimsimamisha mzungu mmoja mzee mwekundu, akamuuliza watoto wake, akamuuliza wazazi wake kama wangali hai, akamuuliza mvua ya kwao. Yule mzee kila swali alijibu "Jambo!" kwa furaha, wakashikana mikono kama wakwe. Mimi nilikuwa chini nimekaa, mbavu zinaniuma kwa kicheko. Nikamwambia dada, baba akifika juu atausalimia mlima, na mlima utajibu.

"Nyanya angemuona leo," dada akasema, "angemwongezea mke."

Mama hakutucheka wala kutugombeza. Alikuwa akitembea nyuma ya baba, karibu, mkono mmoja mbele kidogo, vile unavyomfuata mtoto anayejifunza kutembea.

Tukaingia kwenye mianzi. Ukungu ukashuka, mweupe, mzito, mara huoni hata baba mdogo aliye mbele. Na watu wakaisha. Njia ikawa tupu. Ilikuwa inapanda sana hapo, na mimi mwenyewe mzaha ulinikatikia kooni. Nikasikia nyuma yangu kitu kama mlango unaohitaji mafuta, ukifunguliwa na kufungwa, ukifunguliwa na kufungwa. Nikageuka. Kilikuwa kifua cha baba.

Amesimama. Ameshika mwanzi. Akaangalia mbele, hakuna mtu. Akaangalia chini tulikotoka, hakuna mtu. Hata tumbili hakuwepo. Basi akamgeukia mama, mkewe, waliyetoka naye kitanda kimoja asubuhi ile, akatabasamu, akasema:

"Hujambo, mama watoto? Wa hali gani?"

Baba mdogo aliangua kicheko mpaka akainama. "Kaka, umemsahau mkeo?" Dada akacheka. Mimi nikafungua mdomo, nilikuwa na dhihaka moja nzuri sana tayari kwenye ulimi, wallahi.

Mama akaweka kikapu chini, akaitengeneza leso yake kichwani taratibu, kama mgeni ameingia nyumbani.

"Sijambo, baba watoto," akasema. "Alhamdulillah. Sijui wewe."

"Mimi... sijambo."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Watoto hawajambo?"

"Hawa... jambo."

"Na mama huko Kibokoni? Umemwacha mzima?"

Kila swali alikuwa akingoja. Hakumharakisha. Anamuuliza, ananyamaza, anamwachia avute pumzi mbili, tatu, kisha anamuuliza tena. Majirani akawauliza wote, mmoja mmoja. Shangazi wa mguu akamuuliza. Kicheko cha baba mdogo kikaisha chenyewe. Ile yangu nzuri nikaimeza, na mpaka leo siikumbuki ilikuwa nini. Pale kwenye ukungu nikaziona ngazi za nyanya, pale zinapopinda, na jioni zote zile baba ameshika kamba akituuliza habari.

Kisha mama akasema, sauti ileile, kama bado yuko kwenye salamu: "Na kifua, baba watoto? Ki hali gani?"

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye majani. Baba angeweza kusema vumbi. Nilimuona akilitafuta lile neno. Nafikiri pumzi haikutosha kulibeba.

"Kibaya," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mfungo."

"Haya. Ahsante kwa kuniambia."

Akammiminia chai. Baba akakaa juu ya jiwe, kikombe mkononi, mahamri ya nyanya magumu kwa baridi. Hakuna aliyetaja hospitali. Ilikuwa imeshatajwa. Baadaye baba akanyoosha kidole kwenye ukungu, akaniambia mimi: "Barafu iko pale. Ukungu ukiondoka tu."

Ukungu hukuondoka. Nikasema, "Naiona." Dada akasema naye anaiona. Mama, ambaye hasemi uongo hata wa kuokoa maisha, akaangalia ule weupe mtupu, akasema, "Ni nzuri."

Tuliposhuka, baba mdogo alimpa baba bega. Na kila kona yule mtu wa neno moja alisimama mwenyewe, akakuna kichwa, akaanza: "Hujambo, kaka? Eeh... habari za Mombasa? Bahari... bahari nayo haijambo?" Hakujua kusalimia hata kidogo. Sijawahi kusikia salamu nzuri kama zile.

Mtungi wa achari ulirudi mtupu, unanuka ndimu bado. Nyanya aliupokea, akachungulia ndani, akamuangalia baba chini kwenye ngazi, hakuuliza. Siku ya pili tulikuta kigoda pale zinapopinda. Kikawa kiti cha baba. Nyanya naye, na miguu yake ile, akawa anashuka jioni mpaka pale, wanasalimiana wakiwa wamekaa, na sisi tukitaka kupita na madumu tunangoja mpaka wamalize ukoo wote.

Hospitali alikwenda. Walimpa dawa, wakamtoa kwenye mizigo, akakaa nasi kiasi. Hakutoka kwa machela kama alivyoogopa, alifia nyumbani, mwaka niliomaliza la nane. Dada akaendelea na shule, mimi nikaishia hapo, na sina kinyongo. Mtu anayeongea kama mimi hahitaji cheti, anahitaji abiria waliofungiwa ndani ya tuktuk, nami ninao, kutoka Ganjoni hadi Feri.

Nyanya naye ametangulia. Kigoda sijui nani alikichukua. Jirani wa viazi alihamia kwa watoto wake, pale kwake sasa ni nyumba ya wageni, wanaingia na masanduku ya magurudumu na hawajui kama ngazi zina watu. Salamu siku hizi hata sisi tunarusha maganda, "vipi", na macho yako kwenye simu. Baba mdogo aliniambia kwamba hata ile barafu inapungua, inapanda juu kila mwaka kama inayotukimbia. Nami sikuiona. Nina jamaa wanaokataa kwamba nilifika Mlima Kenya, na ushahidi wangu wote ni koti la kike.

Basi juzi ndiyo hiyo. Mama pale pale, mkono ukutani, kikapu chini, mchicha tu na ndimu, si kitu cha kumchosha mtu. Simu yangu inalia mfukoni, abiria yuko Tononoka ananisubiri na matusi yake. Nikaizima. Nikakaa kwenye ngazi, nikamtazama.

"Sijambo, mama. Alhamdulillah. Sijui wewe."

"Sijambo."

"Sokoni wazima?"

"Wazima."

"Na dada, umeongea naye?"

Akaanza kucheka, kidogo kidogo, kwa sababu alishajua nakwenda wapi. Njia ile si aliichonga mwenyewe? Nikamngoja. Nikamuuliza majirani. Nikamuuliza shangazi wa mguu, Mungu amrehemu, tangu zamani hayupo. Kisha nikamuuliza.

"Na kifua, mama?"

Aliangalia juu, zile ngazi zilizobaki. Akawasikiliza wageni wa chini wakifungua mlango.

"Kesho," akasema, "ile tuktuk yako ina nafasi?"

"Ina nafasi leo."

"Leo basi. Lakini kwanza niweke mchicha ndani."

Nikabeba kikapu. Tukapanda, yeye mbele, mimi nyuma, mkono wangu mmoja mbele kidogo. Na kila baada ya ngazi chache nikawa nasimama, namsalimia.