Kitambaa cha Kujifutia

Jirani yangu wa chumba cha pili anaitwa Mama Nyundo kwa sababu ya kazi yake: anaponda kokoto machimboni. Mpini wa nyundo yake ameuzungushia mpira wa baiskeli ili usimchubue. Ni mcheshi. Ukimuuliza habari za mgongo, hujibu, "Upo, bado unanifuata nyuma."

Mumewe alifukiwa na ukuta wa machimbo hayohayo. Wakati mwili unafukuliwa, nyapara aliamuru wengine waendelee kuponda, naye akasimama anaangalia, mikono ameikunja kifuani. Hilo Mama Nyundo alilisimulia mara moja tu, kwa mchoraji wa Kundi la Makaa.

Hawa ni wachoraji waliochoshwa na maua na machweo ya kupambia mahoteli. Wakaanza kuchora wapagazi, wafiwa, wagonjwa waliolala kwenye mabenchi. Wanachora kwa makaa ya jikoni, juu ya mifuko ya saruji iliyopasuliwa. Wana kanuni moja wasiyoivunja. Picha hainyunyiziwi dawa ya kugandisha makaa mpaka aliyechorwa aje aitazame. Asiporidhika, anapewa kitambaa ajifute mwenyewe, na haulizwi kwa nini. Wanasema tabu ni ya mwenyewe, wao wameiazima tu.

Siku ya kufungua maonyesho, katika ghala la zamani la magunia, nilimsindikiza Mama Nyundo. Picha yake ilikuwa karibu na mlango: yeye ameinama, pembeni mabuti ya mumewe yamesimama bila mtu, na nyuma yao mwanamume aliyekunja mikono kifuani, uso umemezwa na kivuli cha kofia. Mchoraji alimpa kitambaa, akasubiri na chupa yake ya dawa.

Kabla Mama Nyundo hajaigusa picha, nyapara akaingia. Habari za picha hiyo zilikuwa zimemfikia. Alimsogelea mpaka sikioni, nami nilikuwa ubavuni, nikasikia.

"Mama, kazi yako unaipenda?"

"Naipenda, bosi. Yenyewe ndiyo hainipendi."

"Basi mfute huyo mtu. La sivyo, kesho usijisumbue kuja."

Wajukuu wa Mama Nyundo wanakula kwa nyundo hiyo. Aliinua mkono taratibu, ukapita juu ya mabuti, ukafika kwenye ile kofia, ukasimama.

"Mwanangu," alimwambia mchoraji, "mtu anaruhusiwa kumfuta mwenzake?"

"Hapana, mama. Kila mtu anajifuta mwenyewe."

Akamgeukia nyapara, akamnyooshea kitambaa kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Bosi, umesikia. Mimi siruhusiwi. Kama ni wewe, karibu ujifute."

Nyapara alikitazama kitambaa, akatutazama sisi. Mkono wake ulitoka, ukarudi.

"Jifute basi, mzee, tuendelee!" mtu alipayuka kutoka nyuma. Hakuna aliyecheka.

"Mimi simjui mtu huyo," nyapara alisema, na jasho limemtoka. Akaondoka bila kuaga.

"Nyunyiza," Mama Nyundo alimwambia mchoraji. Kisha akaketi juu ya gunia.

Asubuhi alikwenda machimboni bila kujua kama ana kazi. Kwenye sehemu yake ya siku zote, penye kivuli, alikuta ameketi mwingine. Nyundo yake ilikuwa imetupwa kwenye rundo la mwisho kabisa, kwenye jua kali. Hakuna aliyemwambia aondoke. Kumfukuza kwa ajili ya picha ile kungekuwa sawa na kukipokea kitambaa. Akaketi, akaanza kuponda.

Yuko juani mpaka leo. Ananiambia nyapara siku hizi anasimama mikono mfukoni. Ikianza kupanda kifuani, anaishusha haraka kama aliyeungua.

"Namwonea huruma," anasema, huku akijikanda mgongo. "Siku akivaa suruali isiyo na mifuko, sijui mikono ataiweka wapi."