Kitabuni Nilimwandika Kuwa Binti Yake

Mhariri wa ukurasa huu, jina langu usilitoe. Waambie wasomaji tu kwamba nina miaka thelathini na mitano, ni karani katika ofisi ya chifu huku Kabambare, nina mke na watoto watatu, na mwandiko wangu unasifiwa hadi Kasongo. Huo mwandiko ndio ulioniponza.

Huku kila mtu analima pamba, apende asipende. Kapita wa pamba ndiye anayepima mashamba kwa kamba yake, na akisema shamba limepungua, mwenyewe anakwenda gerezani. Mwaka juzi alimwambia hivyo mkulima mmoja wa kijiji cha Wamaza. Yule baba aliogopa. Wiki hiyohiyo kapita akaja ofisini kwangu na binti wa mkulima huyo, mtoto wa miaka kumi na mmoja, amekumbatia mkeka wake. Habari ya shamba haikusemwa tena.

Kapita ana mke tayari, na serikali imekataza kuandikisha wa pili. Mtoto mdogo vile ndiyo kabisa. Akainama mezani, akaniambia taratibu: "Karani, andika ule iko mutoto wangu. Ninamulea. Nani atauliza?"

Nilijua. Sitawadanganya, nilijua alichotaka. Lakini mimi ni mtu wa makaratasi, nikajifariji kwamba akishakuwa binti katika kitabu cha kuhesabia watu, itambidi amtunze kama binti. Nikaandika, tena kwa herufi nzuri.

Mke wangu ndiye aliyeanza kunitia hofu. "Baba Yozefu, ule mutoto wa kapita hacheki tena. Pale kisimani nikimugusa bega, anatetemeka." Nikamwambia aniachie maneno ya kisimani. Kisha Bwana teritwari, mzungu wa serikali, alipopita kukagua vitabu, alimwuliza mtoto yule kapita ni nani wake. Akajibu, "Iko baba." Bwana akatazama maandishi yangu, akaridhika, akaenda zake. Siku ile sikula.

Mwezi uliopita nilikutana na binti yule njiani, mtungi kichwani, amekonda. Nikamwuliza habari za nyumbani, kama mtu asiyejua kitu. Akanitazama sana, akasema: "Bwana karani, wewe uliandika ya kama niko mutoto wake. Umwambie basi anifanye mutoto." Nikampisha, akapita.

Sasa kapita amepima tena shamba la baba wa binti yule, na eti limepungua tena. Mwezi ujao tunakwenda Wamaza kuandika watu, na ameshaniambia kwamba ataniletea mdogo wa yule binti. Nilipokataa alitabasamu, akaniuliza: "Ule wa kwanza aliandikwa na mukono wa nani?"

Nikimwendea Bwana, wa kwanza kufungwa ni mimi, na wanangu watakula nini? Kapita atasema karani alikosea, naye ataaminiwa, maana pamba yake inatoka nyingi. Nikinyamaza, safari hii sina pa kujificha, kwa sababu nimeshaona kwa macho yangu kinachofuata. Nachukia uoga wangu, lakini bado ninao.

Ninyi mnaosoma, mngekuwa mimi mngefanyaje? Msinionee huruma, nielezeni tu la kufanya, tena upesi. Huyo mdogo ana miaka minane, na mama yake ameshaambiwa amfulie nguo.