Kichupa cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hakuwahi kula mbele yangu. Kwao ni ndani kidogo kutoka Kharumwa, na kwa Wasukuma wa pale mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Nilipita mlango wa nyuma, yeye wa mbele. Tukikutana uani nilipiga goti, nikatazama chini: "Shikamoo baba." "Marahaba, mayu," yaani mama. Basi. Kusema kweli niliipenda heshima ile, maana mwanaume anayekuonea haya hakugombezi.

Kazi yangu ni maabara, katika kituo cha afya kimoja upande wa Msalala. Nashika mikojo ya watu kutwa nzima, na chai nakunywa bila kinyaa.

Mzee alipoanza kulalamika mgongo, sote tulisema ni jembe. Kisha akakonda, akaishiwa damu, akawa anashika mbavu akikohoa. Daktari wetu akanivuta pembeni. Alihofia mayeloma, saratani ya uboho, na akataka mkojo. Akanikumbusha kwamba protini ya ugonjwa huo inaweza kukipita kile kijiti tunachochovya kila siku, kikaonyesha hakuna kitu.

"Tumia asidi," akasema. "Mkojo ukichafuka tu, kesho anakwenda Mwanza."

Kichupa kilikuja asubuhi, kimefungwa kwenye kitambaa, mama mkwe amekishika kwa mikono miwili. Nikadondosha asidi, nikainua tyubu dirishani. Mkojo ukabaki mwangavu. Nikarudia, vilevile. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu, nikampigia simu mume wangu kule machimboni Geita: baba mzima, ni uzee tu. Daktari akasoma karatasi yangu, akaandika dawa za maumivu.

Miezi minne baadaye mzee aliinama kuokota kamba ya ng'ombe, pingili ya mgongo ikavunjika. Tukampeleka Mwanza, wakampima upya. Mkojo ulijaa protini na figo zilikuwa zimeshachoka. Daktari wa kule akauliza kwa ukali ni nani aliyeandika kwamba mkojo huu hauna kitu. Nikasema ni mimi.

Tulipofika kwenye korido mama mkwe akaangua kilio. Mkojo wa kichupa kile ulikuwa wake, si wa mzee. Mzee alikataa katakata mkojo wake ushikwe na mke wa mwanawe; angepitaje tena uani? Na yeye mama akaona mtu na mkewe wanakula chungu kimoja, wanakunywa maji ya kisima kimoja, mkojo utakuwa na tofauti gani? Akajaza kichupa. Nilipandwa na hasira, nikataka kumkaripia mama wa watu mbele ya wagonjwa. Sikuthubutu.

Jioni mzee aliomba niingie wodini peke yangu. Nilipiga goti pembeni ya kitanda, na kwa mara ya kwanza akanitazama machoni.

"Mayu, nimekudanganya," akasema. "Nimekuharibia kazi yako mbele za watu. Unisamehe."

"Yamekwisha, baba," nikajibu.

Akafumba macho, akaonekana ametua mzigo. Mimi nilitoka nje na wangu.

Sikumwambia, na mpaka leo sijamwambia mtu, hata mume wangu. Asubuhi ile, baada ya asidi, niliweka tone moja chini ya hadubini, kama ninavyofanya kwa kila mkojo. Nikaona chembe za ngozi zimetapakaa kila upande, kwa wingi ninaoukuta kwenye mikojo ya wanawake, si ya mzee wa kiume. Nilijua ninachokitazama. Lakini ili kuuliza, ningelazimika kusimama mbele ya baba mkwe wangu na kumtajia mkojo wake. Nikaona haya. Nikachukua kalamu, nikaandika jina lake, na mbele yake nikaandika: hakuna protini.