Tableti Iliyofunguka kwa Uso wa Mama

Maji yalianza kunuka wiki ileile tableti mpya ilipofika. Sisemi kimoja kilileta kingine. Nasema tu kwamba nilipokuwa nimekikodolea macho kioo, ziwa lilikuwa likifanya mambo yake nyuma ya mgongo wangu.

Wakati huo nilikuwa mlinzi wa vizimba viwili vya samaki, si mbali na kivuko cha Luanda Kotieno. Kabla ya hapo nilibeba matofali Nyalenda, nikaosha magari kando ya ziwa mjini Kisumu, nikauza soksi, na kote huko nikachoka nikaondoka. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sikuacha. Nikiona kitu kina skrubu, mkono unaniwasha.

"Wewe si ndiye unayefungua redio za watu?" mwenye vizimba aliniuliza siku aliyonichukua. "Basi kaa na mashine yangu. Lakini usiifungue."

Sote tulimwita Mama. Alikuwa mjane. Aliuza mashua za marehemu mumewe, akanunua nyavu, mapipa ya kuelea na vifaranga wa samaki aina ya ngege. Maisha yake yote yalikuwa ndani ya maji, na yeye mwenyewe hakujua kuogelea. Katika kila kizimba kulikuwa na kipimo kilichoning'inizwa kwa kamba, kama tochi iliyozama. Kazi yake ilikuwa kupima hewa iliyomo majini, ile ambayo samaki huvuta, kisha kutuma namba kwenye tableti. Ikisoma sita, heri. Ikishuka chini ya tatu, usiwalishe, anza kuwatoa haraka, maana hewa ikiisha ngege hawafi mmoja mmoja.

Tableti ya zamani nilikuwa nimeshaielewa. Ilikuwa na alama zake tatu pale chini, moja ya kurudi, moja ya nyumbani na moja sikuwahi kuijua kazi yake. Ikatumbukia ziwani. Mwanawe Mama aliyeko Nairobi akatuma nyingine, ya aina tofauti kabisa. Wasomaji wa habari redioni huita kitu hicho kishikwambi. Mimi nilikiita majina ambayo siwezi kuyaandika.

Haikuwa na alama hata moja. Ukitaka kurudi, unatelezesha kidole kutoka ukingoni, lakini ukingo upi? Ukitelezesha kutoka chini, ukurasa unaruka na kupotea. Kutoka juu, pazia jeusi linashuka. Kutoka pembeni, wakati mwingine unarudi, wakati mwingine unajikuta unatazama picha za mjukuu wa Mama. Kidole chenye maji haikukitambua, na mimi kazi yangu ni majini. Nikiigeuza, maandishi nayo yanageuka. Nikiandika "ngege", inaniandikia neno lake la Kizungu.

Na ilikuwa na maswali. Kila mara kisanduku kilichomoza katikati na swali refu la Kiingereza, na chini yake vitufe viwili. Ufukweni kwetu, kitu kikikuuliza jambo usilolielewa, unakataa kwanza. Tumeibiwa kwa simu vya kutosha. Kwa hiyo mimi na Mama tulibonyeza cha kukataa, kila mara, mpaka ikaacha kuuliza. Baadaye sana niligundua kwamba swali mojawapo lilikuwa kama tunataka itupigie kengele namba ikishuka.

Kubwa zaidi, ilifunguka kwa uso wa Mama peke yake. Mwanawe alikuwa ameweka pia namba ya siri, akamtajia kwa simu, Mama akaisahau kabla simu haijakatika.

Wiki hiyo wadudu wa ziwa waliinuka kwa wingi, kama nguzo za moshi mweusi juu ya maji, zikiegemea upande wetu. Upepo ulivuma kutoka upande ambao si wake. Maji, ambayo kwa kawaida ni ya kijani, yakaanza kuwa na wekundu wa kutu, na asubuhi yakawa yanatoa harufu ya yai.

"Ziwa linataka kugeuka," alisema mlinzi wa vizimba vya jirani, mzee mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua la saa saba. "Maji ya chini, yasiyo na hewa, yanakuja juu."

"Mashine inasema sita, Mzee."

"Mashine yako imeoga humu lini?"

Katikati ya hayo Mama ilimbidi aende Kisumu kununua chakula cha samaki. Jioni ya kuondoka alikaza uso mbele ya kioo, kikafunguka, akafika kwenye ukurasa wenye namba, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtoto anayelala.

"Isizime, nyathina, mwanangu. Ikizima, mpaka nirudi. Usiguse pembeni, usiguse juu. Iguse katikati tu, isisinzie."

Nikaigusa katikati. Niliichomeka kwenye betri ya sola, nikakaa nayo kibandani, na kila taa yake ilipotaka kufifia nikaipapasa. Nilikula kwa mkono mmoja. Nilipokwenda haja, mzee wa kofia aliishika, akiiambia, "Amka, bibi, usituaibishe." Ilisema sita na pointi mbili. Asubuhi ilisema sita na pointi mbili. Nilifurahi. Namba iliyotulia ni namba nzuri, nilijiambia.

Nilipofika kizimbani na ndoo ya chakula, samaki walikuwa tayari wako juu. Kwa kawaida wakisikia kasia, maji huchemka kwa fujo yao. Siku hiyo walikaa tu, midomo nje, wakifungua na kufunga bila sauti. Nilitupa chembe kiasi cha kiganja. Zikaelea kati ya midomo ile. Hakuna aliyegusa.

Nikatazama tableti. Sita na pointi mbili.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya, ila ni ule mkono wangu unaowasha. Nilivuta kamba, nikakitoa kipimo majini, nikakipangusa kwa shati, nikakiinua juani. Kipimo cha maji, kiko hewani, kikavu. Nikangoja. Kisha nikatazama kioo.

Sita na pointi mbili.

Ile tableti ya zamani ilipokosa mawasiliano ilifuta namba, ikaweka kistari, nasi tukajua. Hii ilikuwa imeshikilia namba ya jana na kunionyesha kwa uso mkavu, na mimi nilikuwa nimekesha nikiipapasa isisinzie. Nikatelezesha kidole, nikitumaini itaamka. Ukurasa ukaruka. Kioo kikawa cheusi, kikanionyesha kiduara na kunitaka niwe Mama.

Nikampigia simu.

"Mama, namba imekufa."

"Imekufaje? Inasema ngapi?"

"Ilisema sita, na kipimo nimekishika mkononi, nje ya maji. Sasa imejifunga."

Nyuma yake nilisikia honi na mtu akiita abiria wa Bondo. "Mpigie mwanangu, akupe ile namba."

"Nimempigia. Hapatikani."

"Bado ni wadogo hao," alisema polepole. "Nikiwatoa leo, mwenye hoteli anayetununulia hawachukui. Nitawamwagia wachuuzi tu. Na kama maji ni mazuri?"

Mzee wa kofia alikuwa amesogeza mtumbwi wake kando ya wangu, akinitazama.

"Wewe unaona nini?" Mama aliuliza.

"Midomo, Mama. Midomo mitupu."

Nilisikia akimwambia yule mwita abiria amwekee kiti.

"Toa," alisema. "Anza na kile cha upande wa nchi kavu. Nakuja."

Nilikirudisha kipimo majini, tukaita watu. Wachuuzi walikuja na mabeseni, vijana wa injini za mashua wakaacha injini, tukainua wavu wa kwanza tukichota kama watu wanaotoa maji kwenye mashua inayozama. Hao tuliwatoa wakiwa hai. Tulipogeukia kizimba cha pili, maji yake yalikuwa yamebadilika rangi tena, sasa yakawa meupe. Matumbo. Moja, kisha hapa, kisha pale, kisha pote.

Mama alifika kwa bodaboda, mifuko ya chakula imefungwa nyuma. Alisimama kwenye matope, bado amevaa viatu vya mjini. Hakulia. Aliomba tableti. Akaielekezea uso wake, ikamtambua papo hapo, ikazunguka kidogo, ikaleta namba mpya. Moja na pointi nne.

"Sasa ndiyo unasema," aliiambia.

Wazee wa ufuo waliamuru mizoga izikwe, mtu asije akaugua. Tulichimba shimo refu juu ya ufuo, tukawamwaga. Wanawake wenye mabeseni walikuwa bado wamesimama.

"Mama, tupatie hao. Tutawakausha tu."

"Hawa wamekufa bila kuchinjwa wala kuvuliwa. Sitaki mtoto wa mtu aanguke kwa jina langu."

"Njaa nayo haiangushi?" mmoja aliuliza, na wengine wakacheka kicheko kifupi.

Mama alileta dumu la mafuta ya taa, akalimwaga lote juu ya samaki wake, akizunguka shimo mpaka dumu lilipokauka. Kisha tukafukia.

Asubuhi nilikuta shimo limefukuliwa. Halikuwa na hata mmoja. Magamba tu, na nyayo nyingi zilizokanyagana, baadhi ndogo. Mama alikuja akasimama kando yangu, akatazama ndani.

"Fukia," alisema.

"Nifukie nini, Mama?"

"Fukia tu."

Nikalifukia shimo tupu. Jioni hiyo, moshi wa mapikio uliposhuka kutoka kwenye nyumba za juu na kupita ufukweni, ulinuka mafuta ya taa.